Kodisili: karatasi ndogo, masharti yale yale

SWALI: Mama yetu aliandika wosia mwaka 2016. Tangu hapo amenunua kiwanja, na msimamizi aliyemteua amefariki. Kaka anasema aongeze “kodisili”. Ni kitu gani hicho, na je, hawezi kuandika tu pembeni mwa wosia? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kodisili ni hati ya nyongeza ya wosia. Katika Kilatini jina lake ni codicillus, yaani kijitabu. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inaipa kazi ya kueleza, kubadilisha au kuongeza yaliyomo katika wosia, uteuzi wa msimamizi ukiwemo. Haja zote mbili za mama zinaingia humo.

Udogo wake ndio unaowaponza wengi. Kodisili lazima itiwe sahihi na mwenyewe, kisha ishuhudiwe na watu wasiopungua wawili, sawasawa na wosia. Si lazima wawe wale wa 2016. Atakayeachiwa kiwanja asiwe shahidi, maana atapoteza alichoachiwa, isipokuwa wapatikane mashahidi wengine wawili wasio na maslahi.

Pembeni anaweza kuandika, ila yeye na mashahidi wasaini hapo hapo. Bila hivyo, kifungu cha 20 hakiyatambui maneno hayo. Sisi tungemshauri aache. Mikwaruzo ya kalamu kwenye wosia huzaa kesi.

Aanze hivi: “Hii ni kodisili ya kwanza ya wosia wangu wa tarehe fulani.” Ataje msimamizi mpya, namba ya kiwanja na wa kukirithi, kisha amalize: “Mengine yote nayathibitisha.” Asinakili kutoka mfano wa wosia ile sentensi ya “nafuta wosia wangu wote wa awali”! Itaufuta wosia wenyewe, abaki na kikaratasi cha kiwanja kimoja, na mali nyingine igawanywe kana kwamba hakuusia.

Kabla ya yote, asome wosia wake upya. Ukiwa na kipengele cha “mali yangu yote iliyosalia”, huenda kiwanja tayari kimo, abaki na suala la msimamizi tu. Na ikiwa ameolewa baada ya 2016, kwa kawaida ndoa hiyo imeshaubatilisha wosia, hivyo aandike mpya.

Ahifadhi hati halisi zote mbili katika bahasha moja bila kuzipiga stepla: matundu ya pini humfanya mpinzani aulize ukurasa gani umechomolewa.