Nilinunua megapikseli 30, nikapata mikia

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nataka kamera ya kutega porini, hela yenyewe ndogo. Nichukue ipi?" Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka. Swali hilo hilo nililiuliza mimi miaka minne iliyopita, nikajibiwa ovyo, nikalipia.

Kamera yangu ya kwanza ya kutega, ile unayoifunga mtini ijipigie picha yenyewe mnyama akipita, boksi lake liliandikwa MEGAPIKSELI 30 kwa herufi kubwa kuliko jina la kamera yenyewe. Nikaifunga kwenye mti kando ya njia ya ngiri, nyayo mbichi kabisa, nikaiacha wiki tatu. Siku ya kwenda kuiangalia nilimbeba na rafiki yangu ninayewinda naye, maana nilitaka awepo shahidi. Tukafungua kadi kwenye laptop juu ya boneti ya gari. Picha 1,412. Nyasi. Nyasi za asubuhi, nyasi za mchana, nyasi zikilala kwa upepo. Katikati ya nyasi hizo, pembeni kabisa mwa picha, mkia umesimama wima kama antena, na kipande cha paja. Picha kumi na moja za namna hiyo. Ngiri walipita, tena kwa nafasi, kamera ikaamka wakati wanaaga.

Rafiki yangu hakutoa pole. Alinibadilisha jina kwenye simu yake, nikawa Bwana Mikia. Mpaka leo.

Sasa sikiliza. Kwenye kamera za bei ya chini, hizo megapikseli nyingi, yaani wingi wa nukta za picha, ni za kupulizwa. Jicho la ndani ni dogo, programu ndiyo inayoitanua picha hadi ifike namba ya kwenye boksi, na hakuna unywele mmoja wa mnyama unaoongezeka. Kitu cha kuuliza dukani ni hiki: tangu kamera ihisi mnyama mpaka ipige picha, inachukua muda gani? Nusu sekunde au chini ya hapo, endelea kuongea na muuzaji. Zaidi ya sekunde moja, mshukuru uondoke. Mnyama anayekwenda mwendo wa kukimbia-kimbia hakusubiri. Narudia, uliza kasi. Mimi sikuuliza.

Na zile nyasi? Nilidhani kamera ni mbovu, kumbe mbovu nilikuwa mimi. Kihisi chake hakimjui mnyama. Kinachojua ni kitu chenye joto tofauti na mazingira kinachosogea. Jani lililopigwa na jua likitikisika mbele yake, linahesabika. Kibaya zaidi, mchana wa joto kali, ardhi ikikaribia joto la mwili wa mnyama, ngiri mzima anaweza kupita asihisiwe. Siku hizi natembea na panga, nafyeka mbele ya kamera kabla sijaiwasha. Naielekeza kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie kwenye lenzi. Naifunga kwa mshazari, iitazame njia kwa urefu wake, mnyama akae mbele ya lenzi muda mrefu zaidi. Kamera ile ile ya aibu, baada ya kuihamisha hivyo, ilianza kunipa mabega. Sura bado, lakini mabega.

Taa ya usiku: ya nanomita 850 (hicho ni kipimo cha mwanga wake) hufika mbali ila huonyesha wekundu kidogo ikiwaka, ya 940 haionekani, lakini haifiki mbali. Palipo na wapita njia mimi natumia 940, kwa kuwa mwizi naye ana macho. Betri za alkalini zikianza kuchoka, picha za usiku ndizo hufifia kwanza, kwa hiyo nikipata za lithiamu nachukua hizo hata kwa kuumia. Kadi usinunue kubwa kabla ya kusoma maelezo, kamera nyingi za bei hii mwisho wake ni GB 32. Zile zinazotuma picha kwenye simu sizigusi hapa, kila mwezi zinataka kulipiwa.

Na ndugu zangu, tuache ujuaji, ulizeni sheria kwanza. Huko Marekani, jimbo la Arizona limepiga marufuku kutumia kamera hizi kusaidia uwindaji tangu Januari 2022. Kuna watu wanafunga kamera kabla hata ya kuuliza kibali, halafu wanalia zikichukuliwa. Tunapenda mno vifaa kuliko kujifunza. Mimi nilikuwa kiongozi wao, ndiyo maana nasema kwa ukali.

Wiki iliyopita nilikwenda kutoa kadi ya kamera yangu ya sasa, nayo ni ya bei ya chini, boksi lake halipigi kelele yoyote. Picha ya nne: ngiri dume, uso mzima, chunjua zake zote, jino la nje la kushoto limevunjika ncha, tope limemkauka puani. Nikaituma kwa rafiki yangu palepale chini ya mti.

Alijibu: "Mkia uko wapi?"