Geji ya temprecha na baridi ya bara: maswali yenu

Tangu Julai ianze watu wa Mombasa waliopeleka magari bara wananiuliza mambo yanayofanana, na naelewa, manake sisi hata huu msimu wa kusi alfajiri ni digrii 21, 22 hivi, ukipiga stati Nyali kabla hujafika mbali mshale ushapanda katikati. Ukienda huko juu ndio gari inakuonyesha vitu hujawahi kuviona. Nimechukua maswali matano.

Msomaji wa Mtwapa: Fundi salam. Nilikuwa Nyahururu, saa kumi na moja alfajiri nikawasha gari, nimetembea nusu saa nzima mshale uko kwa C, upande wa baridi, haubanduki. Nimerudi Mombasa uko sawa kabisa. Ni baridi tu ama gari ni mgonjwa?

Kaka, gari ni mgonjwa, na ilikuwa mgonjwa kabla hujatoka Mtwapa, baridi imeitolea siri tu. Injini ina themostati, kidude kidogo chenye nta ndani, kazi yake ni kuyazuia maji yazunguke ndani ya injini peke yake mpaka yafike digrii 82 ama 88 hivi kulingana na gari, hapo nta inayeyuka inasukuma mlango maji yanaenda kwa rejeta. Ikiwa nzima, hata Nyahururu na ule mwinuko wa zaidi ya mita 2,300, mshale unafika mahali pake ndani ya dakika kumi, kumi na tano za kuendesha. Yako ama imekwama ikiwa wazi ama haipo kabisa.

Na hilo la haipo ndilo linaloniuma, manake mafundi wetu wengi wa pwani gari ikichemsha mara moja tu wanaing'oa, wanakwambia hapa kwetu joto huihitaji, na wewe unaona mshale umeshuka unashukuru unalipa. Hujatibiwa. Kama rejeta ilikuwa imeziba bado imeziba, na sasa umeongeza ugonjwa wa pili, injini inaishi baridi, kompyuta ya gari inadhani ndio kwanza imewashwa kwa hivyo inamwaga petroli nyingi, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda ringi zinalika, unyevu nao haupati joto la kuutoa unachanganyika na oili mpaka ukifungua kifuniko cha oili unakuta utando mweupe mzito kama tui. Hapa Mombasa huoni kwa sababu hewa yenyewe ni ya moto na kwenye foleni ya feri Likoni mshale utapanda tu. Kule rejeta inapigwa na upepo wa baridi tangu dakika ya kwanza.

Jipime mwenyewe kabla ya kwenda kwa fundi: asubuhi injini ikiwa baridi, washa, shika ile hosi ya juu ya rejeta. Inatakiwa ikae baridi kwa muda alafu ipate moto kwa ghafla. Ikianza kupata uvuguvugu pole pole tangu mwanzo, maji yanapita wazi. Themostati ikishatolewa iangalie mkononi ikiwa baridi, ukiona mlango umeachia nafasi, tupa, nunua yenye digrii zile zile zilizoandikwa juu yake.

Msomaji wa Changamwe: Mimi ni kinyume. Tulikuwa tunapanda mlima wa Salama, barabara ya Nairobi, mshale ukapanda, alafu ukashuka mpaka chini nikajua imepoa, mara nikaona moshi unatoka kwa boneti. Geji imeniongopea vipi?

Ndugu yangu, hili ndilo swali nalitaka kila dereva alisome. Sensa ya temprecha imetengenezwa iguswe na maji. Maji yakiisha inabaki kwenye hewa na mvuke, na mara nyingi inasoma chini wakati hedi, kile kichwa cha injini juu ya silinda, inaungua. Mshale uliopanda ukaanguka ghafla na hujapunguza mwendo wala hujashuka mlima, simama hapo hapo, zima injini. Usifungue kifuniko cha rejeta mpaka uweze kuishika hosi kwa mkono bila kuungua, manake yale maji yako chini ya presha, yamepita digrii 100 bila kuchemka, ukilegeza tu yanageuka mvuke usoni. Na kifuniko chenyewe ukibadilishe kama mpira wake umekatika. Kule juu hewa ni nyepesi, maji ya wazi Nyahururu yanachemka kwenye digrii 92 hivi, kwa hivyo kifuniko kilichokufa ambacho Mombasa kinakuvumilia, bara kitakuchemshia gari. Usiwashe tena kabla hedi na gasketi yake havijapimwa.

Dada wa Likoni: Kioo cha dashibodi kinaniandikia nje ni -40. Likoni! Kabla nilikuwa naona 29, 30.

Dada usiogope, hiyo si ya injini, ni sensa ya hewa ya nje, kwa magari mengi iko mbele nyuma ya bampa. Sensa za aina hii zikipata baridi ukinzani wake, yaani vile zinavyozuia umeme kupita, unapanda, sasa waya ukikatika ama plagi ikichomoka ukinzani ni kama hauna mwisho, kompyuta inafasiri hiyo ni baridi kali kupita zote inayoijua. Kama uligongwa kidogo mbele, ama bampa ilitolewa kupigwa rangi, angalia plagi hapo, na chumvi ya bahari pia huzila zile pini. Ila fundi anayepima gari kwa kompyuta akikwambia -40 ni ya maji ya injini, hiyo usiiache, petroli itaisha mbio na magari mengi feni itakuwa inazunguka muda wote.

Msomaji wa Bamburi: Honda Fit yangu haina mshale, kuna taa ya bluu tu. Nikiwa Limuru ilikaa sana.

Bluu ni injini bado baridi, nyekundu ni inachemsha. Ikizima ndani ya zile dakika kumi na tano ni sawa. Ikikaa zaidi, ama ikiwaka tena ukiwa barabarani, rudi kwa jibu la Mtwapa.

Msomaji wa Kisauni: Nikipanda bara nitie kulanti, ile dawa ya rejeta, ama maji yatosha? Hatuna barafu sisi.

Tia kulanti, nusu kwa nusu na maji safi. Mchanganyiko huo hauwi barafu mpaka kama -37 na hutafika huko, lakini ndani yake kuna dawa ya kutu, na hiyo ndiyo unayoihitaji wewe wa Kisauni zaidi ya mtu wa Limuru. Maji ya kisima yenye chumvi usiyatie kabisa, nimefungua rejeta zilizotiwa hayo maji na ndani zilikuwa matope mekundu matupu.