Kabla Hamjachapa Dodoso Lenu

Wiki hii nimesoma madodoso ya wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaojiandaa kwenda uwandani, na karibu yote yamejaa maswali ya kuweka tiki, huku chini kabisa pakiwa na kijistari kimoja kifupi cha "Nyinginezo (taja)". Nawapenda sana, wadogo zangu, ndiyo maana siwezi kunyamaza.

1. Sikilizeni kwanza, ndipo mtunge maswali. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, serikali iliwapatia viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji, baadhi ya waathirika wa Bonde la Msimbazi, na wapo waliorudi bondeni. Tasnifu yangu iliwahusu hao waliorudi. Ramani yangu ilionyesha mto, mwinuko na nyumba zilizofikiwa na maji, na swali langu kuu liliuliza, "Kwa nini bado unaishi hapa?", likifuatwa na majibu manne ya kuchagua. Mama mmoja wa Jangwani, muuza samaki wa kukaanga, alinieleza kwa karibu saa nzima: alfajiri huenda soko la samaki la Feri, mchana hukaanga, jioni huwauzia wateja ambao majina yao yamo katika daftari la madeni, daftari lililowahi kulowa likakauka hadi kurasa zikajikunja. Kisha akasema, "Mwanangu, hapa maji hupita. Mimi naishi humu." Nikaweka tiki kwenye "Nyinginezo", nikaenda nyumba ya pili.

Nilipoingiza data kwenye SPSS, programu ya kuchambua takwimu, maelezo yale yote yakawa namba 5, nami nikahitimisha kwamba wakazi wana uelewa mdogo wa hatari na kwamba elimu itolewe. Niliporudi mtaani na tasnifu iliyokwisha kujalidiwa, mama yule aliomba nimsomee sehemu yake. Nilifungua jedwali baada ya jedwali, nikakosa cha kumsomea. Alisubiri ndoo ya samaki ikiwa mkononi, akaniuliza kwa upole, "Yale niliyokueleza, mwanangu, umeyaweka wapi?"

2. Someni makala ya mwanajiografia Yi-Fu Tuan ya 1976 kuhusu jiografia ya kiutu, ile inayouliza mahali pana maana gani kwa watu wake, mkikumbuka kwamba Kiswahili kinawapa kitu ambacho Kiingereza alichoandikia hakina: hapa, huku na humu. GPS yangu ilishika "hapa" tu. Mama yule aliijua hatari kuliko mimi, kwa kuwa alama ya maji ilikuwa ukutani kwake, juu ya kitasa cha mlango. Alichokuwa akinieleza ni kwamba Mabwepande ni mbali na Feri, na kwamba huko hakuna anayemjua kiasi cha kumkopesha wala kukopa kwake. Takwimu nazihitaji hadi leo ili nijue wangapi walirudi, lakini walichokirudia kilikuwa katika maelezo niliyoyatupa.

3. Pelekeni rasimu mtaani kabla ya kuijalidi. Mwombeni mwenyekiti wa mtaa awaitie wahojiwa, msome kwa sauti, na kila penye "Nyinginezo" msimame muulize upya.