Majina ya Kirumi kwenye hadithi: anza na ukoo, jina litafuata

Mkuu, umeuliza kama "Maximus Julius Brutus" linafaa kwa askari wa hadithi yako ya Rumi mwaka 60 KK, dada yake akiitwa Valentina na mtumwa wao Claudius. Nitakujibu kwa kirefu, maana kosa hilo nimelifanya mwenyewe na nikaumbuka.

Hadithi yangu ya kwanza ilimhusu mfanyabiashara wa nafaka wa Ostia, bandari ya Rumi. Majina niliyaokota kwa mlio tu. Likisikika kishujaa, linaingia. Wanawe watatu kila mmoja nikampa ukoo wake, mkewe nikambebesha jina la mumewe, na mpishi wao, mtumwa, nikamwita Lucius Cornelius. Nikampelekea mzee mmoja jirani, aliyefundishwa Kilatini seminari enzi zao. Karatasi zilirudi na swali moja la kalamu nyekundu kando ya jina la mpishi: "Huyu ni mtumwa au seneta?"

Tangu hapo kwanza natafuta ukoo. Raia wa kiume alikuwa na jina la kupewa, kisha la ukoo, na mara nyingi lakabu ya tawi lake. Mfano ni Marcus Tullius Cicero, mwanasiasa na msemaji wa Rumi: Marcus ni lake, Tullius la ukoo, na Cicero linatokana na neno la Kilatini la dengu. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasema kuna babu yao aliyekuwa na ufa kwenye ncha ya pua, kama ule wa punje ya dengu. Kwenye jiwe lililochongwa angekuwa M. Tullius M. f. Cicero, na hiyo "M. f." ni "bin Marcus", jambo ambalo sisi hatuna haja ya kufundishwa. Ukikuta "l." badala ya "f.", ujue huyo ni mtumwa aliyeachwa huru, na anayetajwa pale ni bwana wake wa zamani.

Majina ya kupewa yaliyokuwa ya kawaida wakati wa hadithi yako hayafiki hata 20: Gaius, Lucius, Marcus, Publius, Quintus, Titus, Aulus, Sextus na wenzao wachache. Maximus hayumo, hiyo ni lakabu. Brutus nayo ni lakabu ya akina Junius, ukiibandika kwa Julius umechanganya koo mbili. Tena koo nyingine zilikuwa na miiko. Suetonius, mwandishi wa Kirumi, ameandika kwamba akina Claudius waliliacha jina la Lucius baada ya wawili wenye jina hilo kutiwa hatiani, mmoja kwa unyang'anyi wa njiani, mwingine kwa mauaji. Hebu fikiria mtoto anazaliwa kwenye ukoo ule na bibi yake anang'ang'ania aitwe Lucius. Sura nzima hiyo umeipata bure.

Wanawake ndio watakaokutoa jasho. Binti alichukua jina la ukoo wa baba likiwa la kike, basi: binti wa Tullius ni Tullia, wa Cornelius ni Cornelia. Wakiwa wawili, ni Mkubwa na Mdogo, kama binti za Marcus Antonius, Antonia Maior na Antonia Minor. Na akiolewa habadili jina. Kwenye hadithi yenye dada watatu msomaji atapotea, kwa hiyo tumia majina ya kudekeza. Cicero kwenye barua zake anamwita bintiye Tulliola, yaani katullia kake. Priska na Priskila wa kwenye Biblia ni mtu yuleyule, moja ni umbo la kudekeza.

Mtumwa alikuwa na jina moja tu, mara nyingi la Kigiriki kama Eros au Hermes, au la kutakia heri kama Felix, "mwenye bahati", sawa na Mabruki wa pwani yetu. Akiachwa huru ndipo anavaa jina la bwana, na lile la utumwani linageuka lakabu. Tiro, katibu wa Cicero, akawa Marcus Tullius Tiro. Pale Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano, kwenye nyumba maarufu ya akina Vettius, ilipatikana mihuri ya shaba ya Aulus Vettius Conviva na Aulus Vettius Restitutus. Ukiwasoma haraka utasema ndugu wa damu. Wengi wanaona walikuwa watumwa wa nyumba moja walioachwa huru. Hilo ndilo lililonifanya niandike upya hadithi ya Ostia, na mpishi ndiye akawa mhusika mkuu.

Zoezi zuri ni Matendo ya Mitume. Klaudio Lisia, yule jemadari anayemwambia Paulo kwamba uraia aliupata kwa fedha nyingi: Lisia ni jina lake la Kigiriki, Klaudio limekuja na uraia. Maisha yake yako kwenye maneno mawili. Ila huyo ni wa karne moja baada ya askari wako, na kufikia wakati huo desturi zilishaanza kulegea. Kaisari Vespasianus na kaka yake Sabinus wote walikuwa Titus Flavius, wakitofautiana kwa lakabu tu.

Kwa hiyo wako ningewapa hivi: askari Titus Vettius, bila lakabu, maana watu wa kawaida wengi wa 60 KK hawakuwa nayo, hata jemadari maarufu Gaius Marius mwenyewe hakuwa nayo. Dada yake Vettia. Mtumwa Felix, na siku akiachwa huru na askari wako, Titus Vettius Felix.

Kuhusu tahajia, Marcus au Marko, nimeona watu wakibishana sana. Mimi naandika Marcus. Nikiandika Marko, ninayemwona ni fundi baiskeli wa mtaani kwetu.