Laini mbili za swichi na bado neti inapotea karibu dakika nzima

Boss, hiyo shida ya ofisi yenu hapo Kisumu, laini moja ikikatika mnakaa karibu dakika na ya pili iko hapo imechomekwa tu, naielewa kabisa. Swichi zako, vile visanduku vinavyounganisha kompyuta za ofisi, ziko kwa STP ya zamani, ule utaratibu wa kufunga laini moja ili data isizunguke bila mwisho, na inangoja sekunde 30 hadi 50 ndio ifungue poti ya akiba. Weka RSTP, toleo lake la haraka, kwa zote, ukiacha moja ya zamani upande huo unarudi mwendo wa kobe. Poti za kompyuta ziweke eji, yaani zifunguke mara moja bila kungoja, za aplinki, zile za swichi kwa swichi, usiguse, mimi niliziweka eji huko Nakuru lupu ikazuka, data ikawa inazunguka tu, simu zote zikanyamaza, aibu yake wacha tu. Jaribu usiku, chomoa kebo ya laini moja huku pingi, kile kipimo cha kuona kama neti inajibu, ikiendelea. Na kama faiba zote zimepita mtaro mmoja, jembe moja linamaliza zote, hapo ita fundi wa faiba akupitishie ya pili kwingine.