Alama Hazifundishi: Kwa Wabunifu Wapya wa Mafunzo ya Programu

Kila kundi jipya likikabidhiwa kazi ya kuwafundisha watu programu ya majedwali kama Excel, rasimu ya kwanza huja na mambo yale yale: alama kwa kila kitufe kinachobofywa, nishani, na orodha ya vinara. Naipenda ari yenu, lakini jambo hili nimelisema mno, basi sasa naliandika.

1. Anzeni na kazi, si zawadi. Mtu hufungua jedwali kwa sababu anataka kujua fedha za mwezi zimekwenda wapi. Katika jaribio la rasimu ya namna hiyo nilimtazama mtumiaji akigundua kwamba kukoleza maandishi huleta alama. Akakoleza, akaondoa, akakoleza tena, mpaka nishani ikatokea. Alipoombwa ajumlishe safu moja, alichukua kikokotoo cha simu. Hakuwa mzembe hata kidogo, kwani alijifunza barabara kile alichofundishwa, yaani kuchuma alama. Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walionyesha kwamba watoto waliopenda kuchora, walipoahidiwa cheti na kukipata, baadaye walichora kwa hiari yao kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Watumiaji wetu wengi hata hamu hiyo ya mwanzo hawana.

2. Ujuzi wenyewe uwe ndio mchezo. Katika Solitaire, mchezo wa karata uliokuja na Windows 3.0 mwaka 1990, karata huburutwa kwa kipanya, na ikiwekwa pasipostahili hurudi ilikotoka papo hapo, bila karipio. Fanyeni vivyo hivyo kwenye jedwali. Mpeni mchezaji bei kumi katika safu B na kiwango cha kodi katika seli E1, aandike =B2*E1, kisha ainakili fomula kwenda chini. Ghafla matokeo yote yanayofuata ni sifuri. Msimwambie kitu, mwacheni abofye seli ya pili aone kwamba E1 imegeuka E2, ambayo ni tupu. Hapo ndipo mumpe $E$1, ambayo alama zake za dola huizuia isibadilike fomula inaponakiliwa. Nimewaona watu wakitabasamu kwa kupata alama hiyo ya dola, kwa sababu imekuja wakati wanaihitaji.

3. Kutendua, yaani kufuta kitendo cha mwisho na kurudi ulipokuwa, kufundishwe kabla ya kitu kingine chochote, maana anayeogopa kuharibu hajaribu.

4. Pimeni baada ya wiki, kwenye faili la mtumiaji mwenyewe, mchezo ukiwa umefungwa.