Ulaya kwa mara ya kwanza, wawili, na likizo ya masika

Kwa sisi wa hotelini, likizo inakuja na masika. Aprili wageni wanapungua, baadhi ya hoteli za Paje na Kiwengwa zinafunga kwa matengenezo, na meneja aliyekunyima ruhusa tangu Disemba sasa anakuuliza mwenyewe unaondoka lini. Unguja wakati huo nguo hazikauki, lakini Ulaya ya kusini ndiyo kwanza inapendeza: baridi imekwisha, joto la kiangazi halijafika, wala bei za Julai. Mimi niko mapokezi, mume wangu ni mpishi, na tulipoamua kwenda Ulaya mwezi wa kwenda haukutushughulisha hata kidogo. Kilichotukesha ni twende wapi.

Niseme mapema ninaposimamia. Kwa safari fupi ya kwanza, chagueni nchi moja, na ndani yake miji miwili au mitatu iliyoko kwenye njia moja ya treni. Basi. Orodha aliyonayo kila mtu kichwani naijua: Paris, Roma, Venice, Amsterdam, Barcelona, zote ndani ya wiki. Naijua kwa sababu naiona kazini kila msimu, kwa upande wa pili wa meza. Mgeni anafika usiku kutoka Serengeti, asubuhi anataka ziara ya viungo, mchana Jozani, jioni Nungwi kuangalia jua likizama, kesho Pemba, keshokutwa ndege. Siku ya kulipa bili ukimuuliza kilichomfurahisha, anafikiri kwanza. Yule aliyetulia Paje na kuingia Mji Mkongwe mara mbili atakusimulia mpaka umri wa muuza urojo.

Kwa hiyo anzeni kuhesabu usiku mtakaolala huko, siyo siku za likizo. Kutoka Unguja wengi tunapita Doha, Addis Ababa au Istanbul, na pamoja na kungoja ndege ya pili siku nzima inakwenda. Kurudi vilevile. Halafu kila mnapohama mji mnakatwa tena nusu siku: chumba cha kwanza mnakiacha kabla ya adhuhuri, cha pili hamkabidhiwi mpaka saa tisa, na katikati hapo mnaburura mabegi juu ya mawe. Mkiwa na usiku 7, miji minne maana yake mmelipa nauli yote hiyo kwenda kukaa vituoni.

Mkifika kwenye viza ndipo mtaona kuwa kuchagua mji na kuchagua ubalozi ni jambo moja. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya Ulaya, inakuruhusu nchi 29, lakini unaiomba kwa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi. Zikilingana, kwa ile mnayoingilia kwanza. Si suala la ubalozi upi una maneno mazuri mtaani. Mwenye kuomba kwa nchi moja huku hoteli zake zote ziko nchi nyingine anajitafutia maswali. Safari ya nchi moja inalimaliza jambo hili kabla halijaanza: hoteli, treni, bima na barua zote zinataja nchi moja, na anayesoma faili lenu anaelewa kwa dakika mbili mnakwenda kufanya nini.

Ada ni euro 90 kwa kila mtu mzima, na haipungui kwa kuwa ni mke na mume. Bima ya safari iwe ya kiwango kisichopungua euro 30,000. Pasipoti iwe na angalau miezi mitatu mbele baada ya siku ya kutoka Ulaya. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na jibu la kawaida ni ndani ya siku 15, ingawa wanaweza kuchukua mpaka 45. Wa masika basi aanze kushughulika Januari, maana kupata siku ya miadi nako ni kazi. Mtavuka kwenda Dar na boti, wote wawili, kwa sababu alama za vidole hazitolewi kwa niaba. Chukueni hati ya ndoa na tafsiri yake, na barua ya mwajiri inayotaja tarehe ya kurudi kazini. Sisi wa hotelini hapo tuna nguvu: barua inayosema msimu unafunguliwa Juni na mtu anahitajika zamu ni ushahidi mzuri kuliko maelezo marefu. Taarifa ya benki ionyeshe mshahara unaoingia mwezi kwa mwezi. Fungu kubwa lililotua wiki ya mwisho kutoka kwa shemeji halimfurahishi mtu yeyote pale dirishani. Na tiketi ya ndege msilipie kabla ya viza. Kinachotakiwa ni nafasi iliyowekwa, na hoteli chagueni zile za kughairi bure.

Sisi tulichagua kusini mwa Hispania. Madrid kidogo, Córdoba, Granada, na kutokea Málaga. Najua inazidi miji mitatu niliyoshauri, lakini Madrid na Málaga zilikuwa zaidi za kuingilia na kutokea. Sababu ya kwanza ni treni: Madrid mpaka Córdoba hazifiki saa mbili, na ukikata tiketi mapema bei inakuwa ya kibinadamu. Granada hadi Málaga ni basi la kiasi cha saa mbili. Sababu ya pili ni hali ya hewa ya Aprili na Mei. Msije mkaipeleka safari hii Julai au Agosti, Córdoba na Seville joto linapita nyuzi 40 na hakuna upepo wa bahari. Angalieni pia kalenda yao: wiki inayotangulia Pasaka, na maonyesho makubwa ya Seville yanayofuata kama wiki mbili baada yake, vyumba vinapanda bei vibaya. Mwanzoni mwa Mei Córdoba wana tamasha la nyua za nyumba, watu wanafungua milango wageni waingie kuona maua. UNESCO wameliorodhesha tangu 2012. Zuri, lakini nalo linajaza mji.

Sababu ya tatu ndiyo iliyoamua. Mtu aliyekulia chuoni, akahitimu juzuu zake kwa maalim wa mtaani, akifika Alhambra, ile ngome ya wafalme wa Kiislamu kule Granada, haoni anachokiona mtalii wa kawaida. Kuta za yale makasri ya Wanasri, ukoo wa mwisho wa Kiislamu kutawala pale, zimechongwa maandishi toka usawa wa kifua mpaka juu, na maneno yanayojirudia zaidi ni *wa la ghaliba illa Allah*, hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Wenzetu kwenye kundi walikuwa wanapiga picha mapambo. Mume wangu aliweka kidole hewani akawa anafuatisha herufi moja moja, kwa sauti, kama mtoto wa alifu, mpaka mzee mmoja wa Kihispania akasogea kumuuliza imeandikwa nini. Pale penye simba 12 wa marumaru, ukingo wa birika lenyewe ni shairi. Nasi watu wa pwani na mashairi tunajuana.

Tiketi ya Alhambra ishughulikieni mara tu viza inapotoka, siku hiyohiyo. Inauzwa kwa jina na namba ya pasipoti, inakwisha wiki kadhaa kabla, na saa iliyoandikwa ya kuingia makasri ya Wanasri ni saa kweli, si saa ya harusi ya kwetu. Ukichelewa hupiti.

Msikiti mkuu wa Córdoba ulianza kujengwa karne ya 8 na umekuwa kanisa tangu 1236. Nguzo zake zinapita 850, na matao yale ya rangi nyekundu na nyeupe yanaendelea mpaka macho yanachoka. Kisha, katikati, limeinuliwa kanisa kuu zima la karne ya 16. Mjue mapema kwamba Waislamu hawaruhusiwi kusali ndani, na walinzi wako macho. Kuna watu hili linawaharibia siku nzima. Mimi nilisimama mbele ya mihrabu kwa muda wangu nikaona yatosha. Kwa sala, Granada ina msikiti mtaa wa Albaicín, uliofunguliwa 2003, na bustani yake inaelekeana na Alhambra ng'ambo ya bonde. Kwa mtazamo ule ule watu wanajazana kiwanja cha jirani na kusukumana.

Mtakachokiona kigeni kuliko vyote ni jua. Kwetu magharibi haitoki kwenye saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima. Kule Mei jua linazama baada ya saa tatu usiku, na isha inakaribia saa tano. Maduka mengi yanafungwa mchana, watu wanakula chakula cha usiku wakati sisi tuko usingizini. Msipigane nalo. Laleni mchana kama wao.

Chakula hakikututesa, ingawa mpishi wangu aliuliza kila sufuria. Nguruwe kwao anaingia mpaka pale usipomtarajia, mafuta yake yamo kwenye baadhi ya keki na biskuti. Granada kuna mikahawa mingi ya Wamoroko chini ya Albaicín, na Málaga tulihamia kwenye samaki. Pale pwani wanachoma dagaa wakubwa waliotungwa kwenye kijiti, moto umewashwa ndani ya mtumbwi uliojazwa mchanga. Chumvi tu, hakuna ndimu wala pilipili mpaka uombe. Mume wangu alisimama karibu na yule mchomaji muda mrefu akiangalia jinsi anavyogeuza kijiti upande wa upepo. Soko la vyakula la Atarazanas nalo msilipite, mlango wake ni tao lililobaki kutoka enzi za Waislamu.

Ila kuogelea, hapana. Bahari ile Mei ni baridi, na mwenye bahari ya Paje nyumbani hana sababu ya kulipia viza aende kutetemeka.

Kuhusu kugombana: ninyi wawili mtagombana, hasa siku ya tatu, miguu ikiuma. Kabla ya safari kila mmoja ataje kitu kimoja asichokubali kukikosa, na mwingine asikipinge. Changu kilikuwa Alhambra. Chake kilikuwa Bernabéu, uwanja wa Real Madrid, ndiyo maana Madrid imo. Mkitaka mechi yenyewe, jueni kuwa siku na saa za ligi yao hupangwa rasmi karibukaribu, kwa hiyo msinunue treni ya siku hiyo mpaka ratiba itoke.

Kama Hispania haiwavutii, Roma na Florence ni jozi nzuri, treni saa moja na nusu. Paris na Brussels hazifiki saa moja na nusu, lakini Paris vyumba vidogo na bei kubwa. Mimi ningeiachia safari ya pili. Uswisi ni nzuri na ghali mno, labda kwa anayetaka kusimama Montreux penye sanamu ya Freddie Mercury, mzaliwa wa hapa hapa Unguja. Mpenzi wa historia ya Bi Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyehamia Ujerumani, ana Hamburg, kaburi lake liko Ohlsdorf. London iondoeni kabisa kwenye hesabu hii: ni viza nyingine, ada nyingine, na faili jingine.

Mkiomba nafasi ya ndege, ombeni tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Mara nyingi haiongezi bei kubwa, na inawaokoa ile siku ya kurudi mlikotoka. Usiku wa mwisho laleni Málaga mjini, siyo karibu na uwanja wa ndege. Treni kutoka katikati ya mji haizidi robo saa, na mtapata kula dagaa tena.